Mkunjo wa RNA na mshipi wa gomesi

Malukhu, Jumanne, baada ya isha

Sijamwambia mtu: kesho nilipanga kujifanya mgonjwa. Ni zamu yangu kueleza darasani jinsi RNA, ule uzi mwembamba ulio ndani ya seli, inavyojikata yenyewe, na mimi nikisimama mbele za watu sauti hupotea. Tena sikuwa nimeelewa. Uzi utajikataje bila mkasi?

Jioni Mama alikuwa anatoa kipande kibovu katikati ya mshipi wa kiunoni wa gomesi, gauni refu la mteja wake. Aliukunja mpaka sehemu nzima zikakutana, akazibana kwa pini, ndipo akakata.

"Mbona hukati tu, Mama?"

"We! Nikate kabla ya kukunja, kila kipande kishike njia yake? Huko shule mnafundishwa nini?"

Papo hapo nikaelewa. RNA nayo hujikunja kwanza. Sehemu zilizo mbali hukutana, zikafanya kijifuko chenye chembe za magnesiamu, na hapo ndipo kipande cha katikati hukatwa na pande mbili zikaungwa. Mkunjo wenyewe ndio mkasi!

Nilimweleza Mama yote kwa Kiswahili, wala sauti haikupotea. Akacheka: "Basi huyo RNA wako ni fundi mwenzangu." Alhamdulillahi kwa mama huyu.

Ila kesho ni kwa Kiingereza, na bado naogopa sana kwamba...

Nasikia ndala za Mama zikija mlangoni. Nimeanza kufunika ukurasa. Hapana, acha asome. Halafu nitamwomba anisikilize tena, safari hii kwa Kiingereza.