Picha Aliyopigwa Kwenye Mazishi Yako

Jerono, rafiki yangu,

Ulizikwa nyumbani nami niko huku Riyadh, jikoni kwa madam, mtaa wa Al-Naseem. Nilinyimwa ruhusa. Nilitazama mazishi kwa simu, na wewe sikukuona. Nilimwona yeye.

Bingwa wetu wa mbio. Yule aliyekuwa akipita kwenu asubuhi akifanya mazoezi, wewe ukimkimbizia maji kwa kikombe cha bati. Ajenti wa kazi za Uarabuni alipobandika uso wake ofisini, bingwa alikuja mwenyewe akatushika mikono: "Nendeni, wadogo zangu. Mkikwama, nipo." Tulimwamini yeye, si ajenti.

Ulikwama Jeddah. Ukamtoroka kafili, mwajiri wako, ukiwa mgonjwa, ukajificha mtaa wa Karantina kwa wenzetu, ukampigia bingwa. Mara ya kwanza alisema yuko kambini. Baadaye hakushika tena. Nawe ukaniambia, kifua kikikoroma, "Labda ana mashindano, tumsubiri." Jerono! Ulikufa ukimtetea.

Habari kwamba hakushika simu zako zilipofika nyumbani, watu walimgeuka. Wengine walitaka asibebe tena bendera ya nchi. Ndipo akaja kukuzika, na mpiga picha nyuma yake. Ikatoka magazetini: yeye katika nguo nyeusi, machozi shavuni, kichwa cha mama yako kifuani pake. Ni picha nzuri, sitakudanganya. Hata mimi ilinitoa machozi. Kelele zikaisha. Bingwa ana moyo, wakasema.

Kisha nikampigia mama yako. Akanieleza walivyomsogeza kando ya kaburi, mpiga picha akamwambia, "Mama, lia tena kidogo, jua lilijificha." Akalia tena. Alidhani ndiyo heshima ya wageni.

Nilimwomba idhini, nikayasimulia hayo kwa simu kwenye redio ya kwetu, kwa jina langu. Jioni hiyo bingwa akanipigia: "Kwa nini unaniharibia? Nilimlilia kweli." Namwamini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Machozi alikuwa nayo, tena mengi, na bado alikuacha.

Ajenti ameubandua uso wake, ameweka wa mwingine. Lakini mdogo wako Chepkoech, aliyekwisha kuchukua pasipoti, amekataa kuja.

Pumzika, dadangu. Mkataba ukiisha sitapita kwetu kwanza. Nitakuja kwako, nikae chini kwenye udongo, nikulilie mpaka nitosheke. Bado sijakulilia kwa sauti, hapa madam hapendi kelele.

Wako,
Chelimo