Upande wa Msumari, Upande wa Nondo

Jumatatu, 9 Juni
Mama Neema kafa. Presha. Jana mchana, anasonga ugali. Leo tumemzika hapa Hombolo. Upepo, baridi. Mke wangu huyo. Nimekula. Sijalia.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwagilia mchicha wake. Sijui ataula nani.
Mwalimu wa kwaya kaja na mashine yao ya kurekodia. Kasema sauti ya Mama Neema imo humo, kaimba peke yake. Mashine imejaa. Jumapili wanarekodi upya, wanafuta zote. Nisikilize kabla.
Haina spika. Nimechomeka iafoni za simu yangu, za masikioni. Pini imezama, inacheza. Tundu kubwa. Kimya.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeenda mjini, duka la vitu vya simu. Nimesema nataka cha kugeuza pini ndogo iwe kubwa. Nimepewa. Nimerudi nacho. Hakiingii kokote.
Ni cha chaja. Pini ndogo ni chaja ya simu ya tochi, kila mtu anajua. Na mimi najua.
Nimepiga teke ndoo.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepima. Pini ya iafoni, unene wa msumari wa inchi tatu. Tundu la mashine, nondo ya milimita sita. Inaingia, inabaki nafasi kidogo sana.

Jumamosi, 14 Juni
Nimerudi dukani na msumari na kipande cha nondo.
Dada muuzaji: "Shikamoo mzee. Leo unatujengea?"
Nikamwambia upande mmoja uingie huu msumari, upande wa pili uwe mnene kama hii nondo. Nimsikie mke wangu, kafa.
Kaacha kucheka. Kaenda duka la jirani, la magitaa. Kaleta kipini cha njano. Kasema ya simu ni milimita tatu na nusu, ya mashine sita na kitu.
Nyumbani kimeingia. Ta.
Mama Neema kaimba. Katikati kakosea. Kasema, "Mwalimu, turudie upesi. Baba Neema anarudi kutoka kazini na njaa."
Ikakatika hapo.
Nimesikiliza mpaka betri ikaisha.

Jumapili, 15 Juni
Nimerudisha mashine. Mwalimu kauliza, "Baba Neema, umesikia?" Nimesema nimesikia, futa.
Kipini nimekiacha kwenye tundu la mashine.
Nimesonga ugali. Una madonge. Nimebakiza wa kubeba.
Kesho narudi kazini.