Jina la Mtaalamu wa Nyuklia

Bigwa, Jumanne

Na jina nimeliandika mwenyewe, siwezi kumsingizia mtu.

Wizara imeomba kila mkoa utoe mtaalamu wa kuishauri serikali juu ya usalama wa mitambo ya nyuklia. Kwetu yupo mmoja tu, Ndugu Mkude, aliyesomea mambo hayo Ulaya. Siku hizi anaishi kijiji cha ujamaa karibu na Turiani. Jana nilimfuata huko, nikamkuta chini ya mashine ya kukoboa mpunga, mikono imejaa grisi. Aliisoma barua mara mbili.

Lakini haondoki mtu pale bila ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri tu, akanipa na uji.

"Tukiwapa Mkude, hii mashine ataitengeneza nani? Labda baada ya mavuno."

Mkude akarudi chini ya mashine. Na mimi, karani wa mkoa, nikarudi mjini na fomu ya wizara tupu.

Leo mkuu wangu hakutaka hata kusikia. "Ndugu, fomu hairudi tupu. Yule anayepiga eksirei hospitalini je?"

Nikaandika Mzee Kobelo. Muhuri ukagongwa, barua ikaondoka na basi la Dar.

Jioni nilipita kwa Mzee Kobelo. Kabla sijamaliza shikamoo alikuwa ameshaanza kuniuliza habari za fundi wa kumshonea kaunda suti ya kwendea Dar. Kisha akanisogelea, akauliza polepole kama mitambo hiyo inaweza kulipuka.

Hilo ndilo serikali itakalomwuliza yeye.