Wakwe Wanakuja na Ghuba Tumeifunga

Mpendwa Mama Odeta, shikamoo. Naomba unisaidie, maana hapa nilipo hata ugali haupiti. Mimi ni mvuvi katika kijiji cha ujamaa upande wa Kigongo, na ngege, wale sato wetu wa asili, walikuwa wametuishia kabisa kwa sababu ya nyavu za matundu madogo na kupiga maji kwa marungu ili samaki wakimbilie nyavuni, tukawa tunarudi na visamaki vya furu tu, ndipo akaja bwana samaki wa serikali, Ishengoma, tukabishana naye sana, mwisho tukakaa chini, sisi tukamwonyesha samaki wanakozalia, yeye akatueleza nyavu zinazofaa, tukakubaliana kuifunga ghuba yetu mpaka masika yaishe, na wenzangu wakanichagua mimi kuwa mlinzi. Mama, ngege wamerudi! Ukisimama kwenye matete unawaona wakubwa wanazunguka, na mimi hufurahi mpaka nacheka peke yangu. Sasa binti yetu Celestina ameposwa, na mwezi ujao wakwe wanavuka na pantoni kuja kwetu mara ya kwanza, na katika ukoo wetu mkwe huandaliwa ngege mzima, kichwa anakula baba wa bwana harusi, ukimpa kitu kingine ni kama umemfungia mlango, na nje ya ghuba ngege wa maana hakuna, mjini nako wameadimika, na mke wangu Paskazia kila siku ananiambia, "Baba Celestina, mlinzi si ni wewe? Nani atakukamata?" Nami nimeanza kuona anasema kweli, nimefikiri hata nimwombe Ishengoma ruhusa ya wavu mmoja tu, je, nifanye nini ili binti yangu asikose mume kwa ajili yangu?

Luhaga, Kigongo

Marahaba, Luhaga. Pole kwa mawazo, na hongereni kwa ngege. Hapo nimesoma mara mbili kwa raha. Lakini wewe baba, mlinzi gani huyo anayeomba ruhusa ya kuiba? Ishengoma akikubali umemharibia kazi, akikataa umemgombanisha na mkeo. Mwache kijana wa watu.

Na hicho kichwa cha kumheshimia mkwe, umesahau ngege hulelea wapi watoto wake? Mvuvi mzima! Majike wa humo sasa hivi vinywa vimejaa vitoto. Utampakulia mzee wa watu kizazi kizima kwenye sahani moja.

Mwite mshenga leo, usingoje wiki ya ugeni, awaeleze wakwe kwamba ghuba imefungwa na kwa nini. Wakifika, kabla ya chakula, mchukue mzee mpaka kwenye matete akawaone ngege kwa macho yake, umwambie ghuba ikifunguliwa wa kwanza ni wake. Akikasirika hata hivyo, mshukuru Mungu umemjua kabla ya harusi. Paskazia hana nia mbaya, anaogopa aibu kama mama yeyote, naye umsemeshe kwa upole. Ila wenzako wameziacha nyavu nyumbani kwa kuwa wanakuamini wewe. Ukiingia humo mara moja tu, kesho yake wataingia wote, na hutakuwa na mdomo wa kuwazuia.

Chinja mbuzi, Luhaga.