Mguu wa Dada Yangu Unakufa Akiwa Edani

Mpendwa mshauri,

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kukutakia amani wewe na wote walio nyumbani kwako, naomba msaada wa neno lako, na naomba unisome kwa subira hadi mwisho, maana mimi ni mtu mzima wa miaka sabini na moja, mwalimu wa madrasa hapa Mkata wilayani Handeni, mtu aliyezoea kuulizwa kuliko kuuliza. Majina ya watu nimeyageuza. Jina langu mwenyewe naomba libaki kwako.

Katika tumbo la mama yetu tumebaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kike ambaye nitamwita Swaumu. Miaka mitatu iliyopita alianguka shambani akiwa anang'oa mihogo, kikawa ni kiharusi, mguu na mkono wa kushoto vikafa, mdomo ukaenda upande, nasi tukamrudisha kutoka hospitali akiwa mtu wa kubebwa na kulishwa. Mumewe, marehemu Isihaka, alisikia kwamba kwenye uwanja wa zahanati kuna kikundi cha wazee wanaocheza ngoma kwa ajili ya afya zao, wenye presha, wenye sukari, wenye magoti yaliyogoma, wakiongozwa na binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwenyeji wa Dindira, Mkristo, mwenye adabu sana, nitamwita Upendo. Isihaka akawa anampakia mkewe kwenye baiskeli na kuisukuma kwa miguu mpaka huko, jua likiwaka au mvua ikinyesha.

Sikuficha kwamba sikupenda. Nilikwenda siku moja kwa nia ya kumkataza shemeji yangu, nikasimama pembeni, nikawaona wazee wenzangu, wanawake mstari wao na wanaume mstari wao, debe likipigwa polepole, wakicheza selo, ngoma yetu ya Kizigua, kwa hatua ndogo ndogo za watu wanaoogopa kuanguka. Mzee mmoja Msambaa, Semboja, alikuwa akipaza sauti, "Nyie Wazigua mnacheza kama mnafukuza ngedere kwenye mahindi!" Bibi mmoja akamrudishia, "Na wewe mtani unacheza kama umeibiwa kiatu kimoja, hebu sogea tupite!" Dada yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu siku aliyoanguka, akacheka kwa mdomo ule uliopinda, na mguu ule ukanyanyuka kutoka ardhini. Nikarudi nyumbani bila kukataza neno lolote. Kufikia mwaka jana alikuwa akichota maji mwenyewe na kusali amesimama.

Mshauri wangu, sasa ni mwezi wa pili tangu Isihaka atutoke, Mwenyezi Mungu amrehemu. Dada yangu ni kizuka, yuko ndani anakaa eda ya mumewe, na anayemsimamia ni wifi yake mkubwa, Chausiku, ambaye ndiye aliyemlea marehemu tangu walipofiwa na mama yao. Siku ya pili ya msiba wanawake walinijia barazani wakaniuliza, "Maalimu, kizuka wetu akae vipi?" nami nikawajibu, "Fuateni desturi ya nyumba yenu." Desturi ya nyumba ile ni kwamba kizuka huketi juu ya mkeka katika chumba cha ndani, ameelekea ukutani, miguu ameinyoosha na kufunikwa kaniki, hasimami ila kwa haja, haongei ila kwa kunong'ona, hachungulii nje. Nami nilijua, wakati uleule nikijibu, kwamba haya si yale niliyosomeshwa. Niliyosomeshwa yanamzuia mjane kujipamba, kujitia manukato, kuposwa, na kutoka nyumbani pasipo haja. Sikumbuki mahali nilipofundishwa kwamba asinyanyuke akatembea chumbani mwake. Lakini udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, Chausiku amelia mpaka sauti imekauka, nikaona si uungwana kusahihisha watu katikati ya msiba wao.

Haukupita muda Swaumu akaniita, akaniambia kwa kunong'ona, "Kaka, mguu unalala. Nipe neno niwaambie hawa, ninyanyuke." Nikamwambia, "Subiri, nitaangalia vitabu." Vitabu vile ninavijua.

Kisha akaja Upendo na wanawake wanne wa kile kikundi, baada ya alasiri, nami niko uani nimekaa kwenye benchi. Walivua viatu, wakasalimu kwa heshima zote, wakaomba waingie wafunge mlango, wanawake peke yao, bila debe, wamfanyishe dada yangu mazoezi kwa makofi tu. Chausiku akasimama mlangoni.

"Mnataka kizuka acheze selo? Udongo wa mdogo wangu haujakauka!"

"Mama, hii si sherehe, hii ndiyo dawa yake," Upendo akasema.

"Dawa nazijua, binti. Dawa ina chupa. Hii yenu ina makofi na vigelegele."

"Vigelegele tutaviacha, mama."

"Leo mtaviacha, kesho mtaleta ngoma na mchele wa pilau." Kisha akanigeukia. "Maalimu huyo hapo amekaa. Aseme yeye. Maalimu, inafaa au haifai?"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Mambo haya yanataka uangalifu." Nilisema hivyo tu, mshauri, sikuongeza. Wanawake wale wakatazamana, wakavaa viatu vyao. Upendo alipofika nilipokaa aliinama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, mguu hausubiri," kisha akaenda zake.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nimefundisha watoto wa mji huu tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na miaka yote hiyo nimezikemea ngoma, za harusini na za kupunga pepo, wakanisikia. Nikisema leo kwamba inafaa, watasema maalimu ameilegeza sheria kwa ajili ya dada yake wa tumbo moja. Na Chausiku naye ni mfiwa. Atasema tumemdharau nduguye, na nyumba mbili zilizooana kwa wema zitaachana kwa ubaya. Binti ya Swaumu aliyeolewa Manundu hunipigia simu na kuniuliza, "Mjomba, mama anatembea?" nami humjibu, "Mama yako yuko katika eda," kana kwamba hilo ni jibu.

Ijumaa iliyopita niliingia kumjulia hali. Mguu umekonda, unyayo umelala upande kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Nikamuuliza, "Mguu vipi?" Akanijibu bila kugeuka kutoka ukutani, "Uache, kaka. Isihaka ndiye aliyeufufua mguu huu. Acha uondoke naye."

Alipokuwa akiniomba nilinyamaza, na sasa ninapotaka kusema, yeye haombi tena. Je, nivunje heshima ya wafiwa na kutia fitina ndani ya msiba, au ningoje miezi minne na siku kumi zitimie, ndipo arudi kwa wazee wenzake uwanjani? Nielekeze, nami nitashukuru.

Mimi, mwalimu wa madrasa, Mkata.

*

Mama Amne anajibu:

Shikamoo, Maalimu. Nakupa pole ya shemeji yako, Mungu amlaze mahali pema. Umri wako ni wa baba yangu, kwa hiyo nitakukemea nikiwa nimepiga magoti. Lakini kukemea nitakukemea.

Nianze na hilo la kungoja. Nimemuuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na alilonieleza halina faraja. Kiungo kilichopigwa na kiharusi kikaamshwa kwa mazoezi, kikilazwa tena hukakamaa, na kukaa miguu imenyooshwa mchana kutwa kunaweza kugandisha damu miguuni na kuhatarisha uhai wenyewe. Karibu miezi miwili tayari imekwenda. Ukingoja iliyobaki, unaweza kumtoa edani mjane asiyesimama tena. Hilo ndilo unaloliuliza kama ulingoje, basi lione kwa sura yake.

Sasa, Maalimu, hukuniandikia ili ujue. Mimi si mwanachuoni, na hukumu ya jambo hili umeiandika mwenyewe ndani ya barua yako, kwa mwandiko mzuri. Uliniandikia ili mwanamke wa gazetini aseme, Chausiku amkasirikie yeye, wewe ubaki kwenye benchi. Sitakubali. Kama una shaka hata kidogo, mpigie simu leo sheikh unayemwamini, si wiki ijayo. Lakini sioni shaka katika barua hii. Naona woga, na ule ulioutaja kama uangalifu ni woga uliovaa kilemba. Watu watasema? Waseme. Mwalimu aliyezikemea ngoma za harusini ndiye hasa anayepaswa kuwaeleza watu tofauti ya ngoma na tiba, kwani wakimsikia yeye watajua hakuna mchezo. Ukinyamaza, watajifunza kwako kwamba dini ni mguu kuoza kwenye mkeka, na hilo utaulizwa siku ambayo hakuna wa kumwachia jibu.

Chausiku usimfanye adui. Mwanamke huyu amemzika mtoto aliyemlea, na kuilinda eda hii ndiyo kazi ya mwisho aliyobaki nayo kwa ajili yake. Ukimnyang'anya mbele ya watu atapigana, na atakuwa na haki ya kulia. Nenda kwake peke yako. Mwambie, "Siku ile uliponiuliza, nilikosea kutokujibu. Jibu lilikuwa kwamba inafaa, na kosa ni langu, si lako." Mwambie maneno hayo kwanza, kabla ya aya na kabla ya hadithi yoyote. Kisha mkumbushe ni nani aliyekuwa akiisukuma ile baiskeli, umuulize kama marehemu angependa mkewe akae hivi. Halafu mwache yeye awe mlinzi wa mlango wakati wa mazoezi. Mlango anaujua kuulinda.

Swaumu apelekwe hospitali kupimwa ule mguu kabla ya kitu kingine, maana kutafuta matibabu ni haja na wewe unajua hivyo kunizidi. Upendo aitwe arudi, na aitwe na wewe, kwa mdomo wako, ukimwomba radhi. Waje wale wanawake, mlango ufungwe, debe libaki zahanati, kizuka abaki na nguo zake za msiba bila pambo wala harufu nzuri. Na ukimaliza, mpigie simu yule binti wa Manundu umwambie ukweli, kwamba mama yake hatembei. Aje.

Lakini kuna jambo katika barua yako lililonikosesha raha kuliko mguu. Mtu anayesema "acha uondoke naye" hazungumzii mguu, Maalimu. Dada yako ameona kwamba alipolilia msaada watu wote waliomzunguka walikuwa na desturi, na heshima, na vitabu, na hakuna aliyekuwa na mkono. Huyu hutamwamsha kwa ruhusa. Ukiingia ukamtangazia kwamba inafaa, atakuambia ahsante kaka, na ataendelea kutazama ukuta.

Kwa hiyo sikiliza shauri langu la mwisho, nalo si jepesi kwa mtu wa cheo chako. Mgonjwa wa kiharusi akisimama, lazima awepo wa kumshika upande mbovu. Mumewe hayupo. Wewe ni kaka yake, maharimu wake, na katika Mkata nzima sijui kama amebaki mwanamume mwingine mwenye haki ya kumshika mkono na kumnyanyua pale alipo. Upendo ataelekeza mbele, wanawake watapiga makofi, na wewe utasimama kushoto kwa dada yako, umshike kiunoni na mkononi, upige naye hatua zile ndogo za watu wanaoogopa kuanguka. Ndiyo, wewe. Utaona haya. Magoti yako yenyewe yatalalamika, na huenda wale wanawake wakakucheka. Wakikucheka, labda naye atasikia kicheko chao.

Siwezi kukuahidi kwamba mguu utarudi. Muda mwingi umepotea, na aliyeupoteza umeshamtaja. Lakini nenda leo, baada ya sala ya alasiri. Siku ya kwanza atakataa, atalegea mikononi mwako awe mzito kama gunia, atakuambia umwache. Wewe usimwachie mkono.