Niliposema Namwachia Mungu

Mjukuu wangu Zaina,

Hapa Mpumudde tu wazima, na shangazi yako amejifungua msichana. Unauliza kama utie sahihi maelezo yako polisi huko Mbale, kuhusu yule aliyekupiga. Usiharakishe.

Nikiwa msichana, jirani alinivunja mkono. Afande aliponihoji nililia, nikasema, "Namwachia Mungu." Akaandika kwa Kiingereza, lugha nisiyoijua, wala hakunisomea. "Weka kidole hapa." Nikaweka. Mahakamani nikaambiwa eti nilishamsamehe, sitaki kesi. Jirani akaenda zake nyumbani, nami mkono bado umefungwa shingoni.

Ni haki yako kusomewa maelezo kwa lugha unayoielewa, na yakikosewa yarekebishwe kabla hujatia sahihi. Afande akinuna, mwache anune.

Barua hii ameniandikia mwalimu, jirani yetu. Ni mtu mwema. Amenisomea mara mbili ndipo nikaweka kidole.

Bibi yako,
Hadija