Baba Alazwe Wapi

Jumatatu, 4 Machi
Upepo tena. Ng'ombe wamegoma kutoka zizini. Baba naye kagoma kula uji – anataka kuzungumzia kaburi tu! Lile la mawe, kwenye malisho yetu ya chini, walimozikana wakulima wa kwanza wa visiwa hivi vya Orkney kabla hata chuma hakijajulikana. Kasema kwa utulivu kabisa: nikifa nichomeni, majivu myatie mle. "Wale ndio waliong'oa mawe shamba hili. Mimi nimeendeleza tu."
Na Mama je, nikamuuliza. Mama yuko makaburi ya kanisa, na nafasi kando yake iliachwa makusudi.
Baba akageukia ukutani.

Alhamisi, 7 Machi
Kaka Sweyn kapiga simu kutoka mjini Kirkwall. Mzee kachanganyikiwa, anasema. Atalala kando ya Mama, basi!
Mama mdogo Jessie kaja na keki na machozi: "Dada yangu amemngoja miaka yote hiyo, leo mtu anataka kwenda kulala na wageni?"
Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, 10 Machi
Baba amefariki. Chai yake ilikuwa bado ya moto.

Jumanne, 19 Machi
Baba karudi kwa feri kutoka kuchomwa, majivu ndani ya boksi. Zito kuliko nilivyodhani.
Kukaa siwezi, kulala siwezi. Nimeshuka malishoni, nikatambaa mpaka ndani ya kaburi. Ragna, mtafiti wa mifupa, alikuwemo na taa yake. Nikamuuliza: miili yao ilizikwa mizima? Hata, kasema. Mifupa ilihamishwahamishwa, fuvu huku, paja kule. "Kuna mmoja tuna mguu wake tu."
"Na sehemu nyingine?"
"Nani ajue? Labda kwa wakwe zake."
Nilicheka! Halafu nikalia, palepale kwenye ubaridi.

Jumamosi, 23 Machi
Ibada kesho. Nimemweleza mama mdogo habari ya ule mguu.
"Dada yangu atapata upande gani?"
"Majivu hayana upande, mama mdogo."
"Basi apate fungu kubwa."
Kakunja mikono ya sweta. Boksi liko wazi mezani. Kashika kijiko.
Gari la Sweyn hilo, getini! Sijamwambia chochote –
Mama mdogo hata hajainua macho. "Thora, acha kuandika. Funga mlango, uje ushike bakuli."